Kamera Inakimbia, Flashi Inahema

Tarehe 25 Mei 1965, katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine nchini Marekani, Muhammad Ali alipanda ulingoni kupambana na Sonny Liston kwa mara ya pili. Raundi ya kwanza haikwisha. Liston alilala chali, na Ali akasimama juu yake, mkono wa kulia ameukunja mbele ya kifua, mdomo wazi, akimfokea ainuke wapigane. Kijana wa miaka 22 aitwaye Neil Leifer, mpigapicha wa jarida la Sports Illustrated, alikuwa amekaa upande uleule ambako Ali alielekeza uso. Mkononi alikuwa na Rolleiflex yenye filamu ya rangi. Akabonyeza.

Picha hiyo leo ni miongoni mwa picha za michezo zinazojulikana zaidi duniani. Wengi wanaoitazama hawajui kwamba Leifer hakuwa na nafasi ya kuipiga mara mbili. Mwanga wake ulitoka kwenye flashi kubwa zilizotundikwa juu ya ulingo, na kila zilipowaka zilihitaji muda wa kujaa upya kabla ya kuwaka tena. Kushikilia kidole na kuchagua baadaye hakukuwezekana. Kama angebonyeza punde kidogo kabla, Liston akiwa bado anaanguka, huenda Ali angetokea gizani kwenye filamu na dunia isingekuwa na picha ile. Katikati ya miguu ya Ali, upande wa pili wa ulingo, anaonekana Herb Scharfman wa jarida hilohilo. Yeye aliuona mgongo wa Ali.

Miaka sitini imepita. Kamera ya bei ya kati siku hizi inapiga picha 10 au 12 kwa sekunde bila kutoa jasho, na mpigapicha wa harusi anaweza kurudi nyumbani na picha 4,000 za usiku mmoja. Lakini flashi aliyoifunga juu ya kamera hiyo inafanya kazi kwa kanuni ileile iliyomfunga Leifer. Inajaa, inamwaga, inajaa tena. Hapo ndipo wapigapicha wengi hodari wanapokwama, kwa sababu wamejifunza kamera vizuri na flashi wakaiacha ijifunze yenyewe.

Chukua ukumbi wa harusi Dar es Salaam, saa tatu usiku. MC amewataka wageni wasimame. Mlango unafunguliwa, muziki unapanda, bwana na bibi harusi wanaingia wakicheza, wasimamizi nyuma yao, mashangazi pembeni wanapiga vigelegele na kurusha maua. Mpigapicha anarudi kinyumenyume mbele ya maharusi, kidole kimekaa kwenye kitufe, kamera inalia tra-tra-tra-tra. Baadaye, akiwa amekaa na kompyuta, anaikuta hali hii: picha ya kwanza imetoka safi, gauni jeupe lina mikunjo yake yote. Ya pili nzuri. Ya tatu imefifia kama vile taa za ukumbi zimepunguzwa. Ya nne ni giza tupu, zinaonekana balbu za mapambo tu. Ya tano hivyohivyo. Ya sita ina mwanga kidogo, na humo ndimo bibi harusi alimogeuka kumtazama mama yake na kucheka. Hiyo ya sita ndiyo familia ingeitundika ukutani.

Kamera haikuharibika, wala flashi si mbovu. Ilimwaga akiba yake yote kwenye picha mbili za kwanza.

Ndani ya kila flashi ya kufunga juu ya kamera kuna kifaa cha kuhifadhi umeme, kapasita, chenye umbo la kopo dogo. Betri nne za AA kwa pamoja hutoa volti tano au sita tu. Saketi ya flashi huzipandisha hadi volti 300 na zaidi, kisha huzisukuma ndani ya kapasita polepole. Ule mlio mwembamba unaosikika flashi inapowashwa, unaopanda taratibu mpaka sikio linaacha kuusikia, ndio saketi hiyo ikifanya kazi. Kapasita ikijaa, taa ndogo ya nyuma inawaka kuashiria flashi iko tayari. Mpigapicha anapobonyeza, msukumo wa volti maelfu kadhaa hupita kwenye kioo chembamba chenye gesi ya zenoni, gesi inafungua njia, na umeme uliokusanywa kwa sekunde kadhaa unapita wote ndani ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni tangi la maji lenye bomba nene la kutolea na bomba jembamba la kujazia. Kutoa ni mara moja, kujaza ni kusubiri.

Kapasita ya flashi kubwa ya kawaida hubeba nishati ya juli 75 hivi. Ni akiba ndogo, lakini kwa volti zile inatosha kumuumiza mtu vibaya au kumuua, hata saa kadhaa baada ya flashi kuzimwa. Ndiyo maana flashi iliyoharibika haifunguliwi mezani kwa bisibisi na mtu asiyejua namna ya kuitoa chaji kwanza. Hapa hakuna utani.

Aliyeufanya mwanga huu uwe chombo cha kazi alikuwa mhandisi, si mpigapicha. Harold Edgerton, aliyezaliwa mwaka 1903 katika jimbo la Nebraska, alifika chuo cha MIT karibu na Boston kusomea umeme. Alikuwa akichunguza mota kubwa. Mota inapozunguka kwa kasi, jicho halioni lolote zaidi ya ukungu. Edgerton aligundua kwamba taa ya gesi ikiwaka na kuzima kwa mpigo sawa na mzunguko wa mota, chuma kinaonekana kimesimama, na kila tatizo lake linaonekana wazi. Kufikia mwaka 1931 alikuwa na kifaa kamili cha kazi hiyo. Kisha akaanza kumulika vitu vingine: matone ya maziwa, mabawa ya ndege wadogo, mpira wa futiboli ya Marekani ukibonyezwa na kiatu. Mwaka 1938 alimpiga picha mchezaji wa gofu Densmore Shute akizungusha fimbo, taa ikiwaka mara 100 kwa sekunde, na fimbo inaonekana imetandazwa angani katika hatua zake zote, ikipinda kila inapoelekea kwenye mpira.

Mara 100 kwa sekunde, mwaka 1938! Mtu anaweza kuuliza kwa nini flashi ya leo inashindwa mara kumi tu. Jibu lipo kwenye uzito. Mitambo ya Edgerton ilikuwa ya maabara, ikila umeme wa ukutani, na kila mwako wake ulikuwa mdogo na mfupi. Tena alizima taa za chumba na kuiacha shata ya kamera wazi muda wote, kwa hiyo mwanga wote ulikusanyika kwenye kipande kimoja cha filamu. Huo ni utaratibu tofauti na kupiga picha mfululizo, na wanaonunua flashi mpya huuchanganya mara nyingi. Flashi nyingi kubwa zina hali iliyoandikwa MULTI au RPT. Hiyo ni kwa ajili ya kuwasha mara nyingi ndani ya picha moja, kama alivyofanya Edgerton. Mcheza ngoma mbele ya pazia jeusi atatoka na mikono minane, na inapendeza sana. Kwa maharusi wanaoingia ukumbini haifai hata kidogo.

Ufunguo wa jambo lote hili ni kwamba flashi haitawaliwi kwa ukali wa mwanga bali kwa urefu wake.

Mpigapicha anapopunguza flashi kutoka nguvu kamili hadi 1/32, anadhani ameifanya iwake kwa unyonge. Sivyo. Inaanza kwa nguvu ileile, ila inakatwa mapema. Flashi ya Nikon SB-900, iliyotoka mwaka 2008, inaonyesha jambo hili wazi kwenye takwimu zake: kwa nguvu kamili mwanga wake hudumu sehemu 1 ya 880 ya sekunde, kwa 1/8 hudumu sehemu 1 ya 5,000, kwa 1/32 ni sehemu 1 ya 20,000. Kwa hiyo kupunguza nguvu kunaleta faida mbili kwa mpigo. Akiba inadumu zaidi, na mwendo unasimamishwa kwa ukali zaidi. Mwingereza Stephen Dalton alijenga jina lake juu ya faida hiyo ya pili; kitabu chake cha mwaka 1975 cha wadudu wakiruka kilipigwa kwa mwanga mfupi kiasi hicho, na mabawa ya nzi yanaonekana mshipa kwa mshipa.

Zamani kukata mwanga mapema hakukuokoa kitu. Flashi za otomatiki za miaka ya 1960 zilipopata mwanga wa kutosha ziliutupa umeme uliobaki kwenye kioo cha pembeni kilichofichwa ndani, ukaishia kuwa joto. Iwe picha imetumia kidogo au kingi, kapasita ilibaki tupu. Mageuzi yalikuja na kifaa kiitwacho thairista, ambacho hufunga njia na kuuacha umeme uliobaki ukae ndani ya kapasita kusubiri picha inayofuata. Katika miaka ya 1970 flashi kama Vivitar 283 zilikiingiza kwenye mifuko ya wapigapicha wa kawaida. Tangu hapo ndipo kupiga mfululizo kwa flashi ndogo kulipowezekana kweli.

Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa kila mpigapicha aifanye kwa flashi yake mwenyewe. Tuseme kapasita inabeba juli 75 na inahitaji sekunde tatu kujaa kutoka sifuri. Maana yake inaingiza juli 25 kila sekunde. Kamera ikipiga picha 10 kwa sekunde, kila picha ina haki ya juli mbili na nusu. Juli mbili na nusu kati ya 75 ni sehemu moja ya 30, yaani karibu kabisa na nguvu ya 1/32. Kwa nguvu hiyo, betri zikiwa nzima, flashi inaweza kwenda sambamba na kamera picha baada ya picha, mpaka joto liingilie kati.

Akitumia nguvu kamili, anapata picha moja. Nusu, mbili. Robo, nne. Kwa 1/8 anapata nane au kumi, ambazo kwa kasi ile ni sekunde moja tu, lakini sekunde moja inatosha kwa mambo mengi: shada la maua likirushwa, mtoto akiruka kutoka ngazini, busu. Asiyehitaji picha kumi kwa sekunde aishushe kamera hadi tatu au nne. Kamera nyingi zina mfululizo wa polepole, alama yake mara nyingi ni herufi L, na kwa kazi ya flashi ndio unaofaa zaidi. Wapigapicha wengi hawajawahi kuugusa.

Sasa mwanga uliokatwa lazima upatikane kwingine. Kutoka nguvu kamili hadi 1/32 ni stopu tano, yaani mwanga kupunguzwa nusu mara tano, na stopu tano si mchezo. Njia ya kwanza ni ISO. Kamera za leo zinastahimili ISO 1600 na 3200 bila picha kuharibika, na hofu ya chembechembe waliyorithi watu kutoka enzi za filamu imepitwa na wakati. Ya pili ni kufungua tundu la lenzi. Ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayosahaulika: kusogea. Umbali kati ya flashi na mtu ukipungua kwa nusu, mwanga unaomfikia unakuwa mara nne, yaani stopu mbili bila kutumia hata chembe ya betri.

Mfano wa ukumbini. Flashi kubwa ikiwekwa kwenye zumu ya lenzi ya milimita 35, namba yake ya mwongozo kwa ISO 100 huwa karibu na mita 36. Kwa nguvu ya 1/32 namba hiyo inashuka hadi sita na nusu hivi. Kwa ISO 1600 inapanda mara nne hadi 25. Ukigawa kwa tundu la f/4 unapata umbali ambao mwanga unafika: mita sita na ushei. Maharusi wanaoingia wakicheza huwa mita tatu au nne mbele ya mpigapicha. Kumbe 1/32 inatosha, tena inabaki! Akiielekeza flashi darini ili mwanga uwe laini, atapoteza stopu mbili au zaidi kutegemea urefu na rangi ya dari, na ule umbali unapungua hadi mita tatu. Hapo apandishe ISO hadi 3200 au aongeze nguvu hadi 1/16 na kupunguza kasi ya kamera. Kumbi nyingi za siku hizi zina dari iliyofunikwa kwa vitambaa vya zambarau au bluu. Kuelekeza flashi huko ni kuwapaka maharusi rangi ya kitambaa. Heri mwanga wa moja kwa moja uliopunguzwa kuliko ngozi ya zambarau.

Anayeweza kumudu flashi mbili azitumie pamoja. Flashi mbili kwa 1/32 zinatoa mwanga wa flashi moja kwa 1/16, na kila moja inabeba nusu ya mzigo. Wapigaji wa ndege wadogo wanaofyonza maua, chozi wa huku kwetu na wenzao wa Amerika wanaopiga mabawa mara 50 na zaidi kwa sekunde, huzipanga flashi tatu, nne, hata sita kuzunguka ua moja, zote zikiwa zimeshushwa hadi 1/16 au 1/32.

Betri ndizo bomba la kujazia, na hapa fedha kidogo inaleta tofauti kubwa. Betri za alkali za dukani zimeandikwa volti 1.5, wakati zile za kuchaji za AA zimeandikwa 1.2, na watu wengi hukata shauri kwa namba hiyo. Wanakosea. Alkali ina ukinzani mkubwa ndani yake. Ikidaiwa umeme mwingi kwa haraka inazidiwa, na kila inavyotumika kusubiri kunaongezeka, kutoka sekunde nne kwenda sita, kisha kumi. Ya kuchaji hutoa umeme kwa kasi karibu ileile mpaka inapokaribia kwisha. Ile inayoitwa eneloop, iliyoletwa na kampuni ya Sanyo ya Japani mwaka 2005, iliongeza fadhila moja: haipotezi chaji nyingi ikikaa kwenye begi kwa wiki kadhaa.

Sokoni kuna betri za AA za kuchaji zilizoandikwa 3,300 mAh, hata zaidi. Ukubwa ule hauwezi kubeba kiasi hicho. Zilizo bora kabisa huishia kwenye 2,600 hivi, na zenye ukweli wa 2,000 zinatosha kwa kazi. Zinunuliwe nne kwa pamoja, ziwekewe alama, zichajiwe pamoja na kuzeeka pamoja. Moja dhaifu kati ya nne inazirudisha nyuma zote tatu.

Siku hizi kuna flashi zenye betri ya lithiamu kama ya kamera. Godox V860II hujaa kutoka tupu kwa takriban sekunde 1.5. Canon EL-1 inafikia sekunde 0.9. Rudia ile hesabu kwa sekunde 1.5 na utaona kwamba nguvu inayoweza kudumu kwa picha 10 kwa sekunde inapanda kutoka 1/32 hadi karibu 1/16. Ni stopu moja tu. Inafaa, lakini atakayedhani amenunua mwanga usioisha atashangaa.

Kisha kuna joto. Kila mwako unaacha joto kwenye kioo cha zenoni, kwenye plastiki iliyo mbele yake, kwenye saketi na kwenye betri zenyewe. Mwongozo wa Canon 580EX II unamtaka mtumiaji asizidishe mara 20 mfululizo, kisha aipumzishe flashi kwa dakika 10 angalau. Watu hucheka wakisoma hivyo, mpaka siku plastiki ya mbele inapogeuka rangi ya chai na kuanza kunuka. Watengenezaji nao wamekuwa wakitafuta dawa. SB-900 ilikuwa na kinga inayoizima kabisa ikipata joto kupita kiasi, jambo ambalo katikati ya harusi ni msiba. Iliyofuata, SB-910 ya mwaka 2011, ikaacha kuzima na badala yake ikawa inajaza polepole zaidi kadiri joto linavyopanda. Mwaka 2016 SB-5000 ikaja na mfumo wa kupoza ndani yake. Canon EL-1 nayo ina feni.

Kwa mpigapicha asiye na flashi yenye feni, kinga ni mazoea. Apige mafungu mafupi ya picha tatu au tano, aachie, aangalie, apige tena. Asifunike flashi kwa karatasi za rangi zilizogusana na kioo anapopiga mfululizo, maana zinayeyuka na kuganda pale. Na betri zikitolewa zikiwa za moto kiasi cha kutoshikika, zisirudishwe kwenye chaja papo hapo.

Kamera yenyewe ina mitego yake. Wa kwanza ni TTL, ule utaratibu ambao flashi hutoa mwako mdogo wa kupimia kabla ya mwako wa picha. Katika mfululizo kila picha inaanza kwa kipimo chake: moja inapimwa kwenye gauni jeupe, inayofuata kwenye suti nyeusi, na mfululizo mzima unapanda na kushuka mwanga hata kama kapasita ina akiba. Vipimo hivyo navyo vinakula akiba na muda. Kwa mfululizo, flashi iwekwe kwenye M, nguvu ichaguliwe kwa mkono, na mpigapicha atunze umbali wake. Akirudi nyuma kwa hatua zilezile maharusi wanazosogea nazo, picha zote zitalingana.

Mtego wa pili ni shata ya kielektroniki, ile ya kimya. Kamera nyingi zisizo na kioo hufikia kasi yao kubwa kabisa kwa kuitumia, lakini kihisi chake husomwa mstari baada ya mstari, na mwako wa flashi ungeangukia mistari michache tu. Kwa hiyo kamera inaikataa flashi kimyakimya, na mpigapicha anabaki kulaumu betri. Arudi kwenye shata ya chuma, na akae chini ya 1/200 au 1/250 kulingana na kamera. Hali ya HSS, inayoruhusu kasi zaidi ya hapo, hugawa mwanga katika mipigo midogo mingi na kupoteza stopu mbili hivi. Ni nzuri mchana kwenye jua kali, ila katika mfululizo wa usiku inamaliza akiba haraka. Kuna na kamera ambazo, flashi yake ndogo ya ndani ikiinuliwa, hupiga picha moja tu hata zikiwekwa kwenye mfululizo. Kamera kadhaa za Nikon zimeundwa hivyo, na miongozo yake inaeleza.

Novemba 2023 kampuni ya Sony ilitangaza kamera ya A9 III, ambayo kihisi chake husoma picha yote kwa wakati mmoja. Flashi inaoana nayo hata kwenye shata ya 1/80,000, na kamera inaweza kupiga picha 120 kwa sekunde. Mtego wa shata umekwisha. Lakini kwa kasi ya 120, ile flashi ya sekunde tatu ina juli 0.2 kwa kila picha, chini ya sehemu moja ya mia tatu na hamsini. Fizikia ya kapasita haijabadilika tangu Lewiston.

Jambo moja zaidi linawahusu watu walio mbele ya lenzi, na lisichukuliwe kwa wepesi. Kati ya kila watu 100 wenye kifafa, karibu watatu wanaweza kupata degedege kwa sababu ya mwanga unaowaka na kuzima, na hatari kubwa ipo kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde. Tarehe 16 Desemba 1997, watoto zaidi ya 600 nchini Japani walipelekwa hospitali baada ya katuni ya Pokémon kuonyesha rangi nyekundu na bluu zikibadilishana takriban mara 12 kwa sekunde. Kamera inayopiga 10 kwa sekunde na flashi ikiifuata imo katikati ya eneo hilohilo. Ukumbini kuna watoto wadogo mstari wa mbele, na kuna wageni ambao hakuna ajuaye hali zao. Mfululizo mrefu wa flashi usielekezwe usoni mwa mtu kwa karibu. Mafungu mafupi, au mwanga uliopitishwa darini, yanapunguza hatari na hayapunguzi picha. Mpigapicha mwenye busara humuuliza MC au wanakamati mapema kama kuna wa kuangaliwa. Na mgeni akifunika macho, kidole kitoke kwenye kitufe.

Kabla ya kazi yoyote kubwa, kuna jaribio la dakika tano ambalo linamaliza maswali. Kamera iwekwe kwenye stendi, iangalie ukuta mweupe mita tatu mbele, chumba kikiwa na giza. Kila kitu kiwe cha mkono: tundu, shata, ISO, rangi ya mwanga, nguvu ya flashi. Anza na 1/8, shikilia kitufe mpaka picha 15 zipite, kisha zitazame moja moja na utafute ile ya kwanza iliyofifia. Subiri flashi ijae na kupoa. Rudia kwa 1/16, kisha 1/32. Fanya hivyo kwa betri zilizotoka kwenye chaja na kwa betri zilizokwisha tumika nusu, maana saa nne usiku zitakuwa za aina ya pili. Namba zitakazotoka, tuseme picha 7 kwa 1/8, 14 kwa 1/16, na kwa 1/32 hakuna iliyofifia, ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta na kubandikwa pembeni ya flashi, upande unaoonekana kamera ikiwa jichoni.

Jaribio lirudiwe kila betri zinapobadilishwa, na kila baada ya miezi kadhaa kwa betri zilezile, kwa sababu zinapozeeka namba ya 1/8 ndiyo inayoanza kushuka.